Mheshimiwa na Kombe la Nidhamu

Nilipotimiza miaka sitini na miwili, nikiwa mgane, mwalimu mstaafu na mtu ambaye hajapata kuchelewa popote, nilimwandikia Bi Wanpen barua ya kurasa tatu kumwomba akubali kuolewa nami. Barua ile ilikuwa na utangulizi, hoja tano na hitimisho. Bi Wanpen, ambaye huuza vitumbua vya nazi mbele ya soko letu hapa Nakhon Pathom, aliisoma akiwa amesimama, mkono mmoja ukishika karatasi na wa pili ukiendelea kugeuza vitumbua; kisha akaikunja, akaitia katika mfuko wa aproni, akamhudumia mteja aliyefuata. Nilirudi nyumbani bila jibu, na bila vitumbua.

Siku mbili baadaye, Jumanne, alibisha hodi kwangu akiwa na begi la safari begani na chupa ya mraba mikononi. Ndani ya chupa alikuwamo samaki dume wa kupigana, mweusi wa kuelekea buluu, mwenye mkia mwekundu mpana kuliko mwili wake.

"Mwalimu, dada yangu kule Lampang anafanyiwa upasuaji wa macho," alisema. "Nakwenda kumuuguza siku kumi na mbili. Huyu ni Mheshimiwa. Namwacha kwako."

"Na barua?"

"Nimeisoma. Hoja ya tatu imenichekesha."

"Hoja ya tatu ilihusu uimara wa paa la nyumba yangu."

"Ndiyo maana." Alinikabidhi chupa. "Sikiliza, Mwalimu. Watu wa kuniambia maneno mazuri ninao sokoni kila asubuhi. Mimi namtaka mtu anayeweza kukaa na kiumbe kisichoweza kusema shida yake. Nikirudi Jumapili ile nyingine nikamkuta huyu mzima, nitakujibu."

"Na usipomkuta mzima?"

"Basi tutaendelea kusalimiana sokoni," alisema, akaenda zake stesheni.

Nililichukua jukumu lile kama nilivyochukua majukumu yote maishani, yaani kwa kusimama wima. Nilisoma shule ya bweni miaka sita, na mwaka wa mwisho nilikuwa Kaka Mkuu. Siku ya kuhitimu nilitunukiwa Kombe la Nidhamu, kombe la fedha lenye masikio mawili, nami kwa miaka arobaini na minne nimelisugua kila asubuhi kwa kitambaa laini na unga wa chokaa, mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Lilikaa kwenye rafu ya sebuleni, peke yake, kama inavyostahili. Niliona kwamba mgeni mwenye jina la Mheshimiwa anastahili rafu hiyo hiyo. Nikaiweka chupa ubavuni mwa kombe.

Kabla ya hapo, nilikuwa nimeondoa uchafu mmoja. Bi Wanpen alikuwa ameizungushia chupa kadi nzito aliyoikata kutoka boksi la keki, akaifunga kwa mpira. Kadi ilikuwa na madoa ya sharubati na chungu wawili wakiitembelea. Kila mtu wa kwetu anajua kazi ya kadi hizo: huwekwa katikati ya chupa na chupa, ili dume asimwone dume mwenzake, kwa kuwa wakionana hutunisha mashavu, hutandaza mapezi na kutakana ubaya kutwa kucha mpaka waugue. Lakini mimi nilikuwa na samaki mmoja tu. Agombane na nani? Nikaitupa kadi jalalani pamoja na chungu wake.

Matokeo yalinifurahisha mno. Mheshimiwa, alipojikuta ubavuni mwa kombe, alitandaza mapezi yote mara moja kama bendera siku ya gwaride. Alijinyoosha. Alitunisha mashavu. Akaenda hatua tatu mbele, akageuka, akarudi hatua tatu, na kila mara akageuka tena kulikabili kombe. Nilidhani analiheshimu. Naandika jambo hili kwa aibu lakini kwa ukweli: siku ya tatu nilianza kumpigia saluti.

Na kwa kuwa yeye alionyesha bidii, nami niliongeza yangu. Nililisugua kombe asubuhi na jioni.

Siku ya sita, Jumapili, nilimkuta ameketi chini ya chupa. Rangi yake ya buluu ilikuwa imefifia ikawa ya majivu. Mapezi, yale yaliyokuwa bendera, yalikuwa yamebanwa mwilini kama mwavuli uliofungwa, na ncha za mkia zilikuwa zimechanika vipande. Nilimpigia saluti, hakujali.

Nilifanya alilofundishwa mtu wa bweni kufanya mbele ya ulegevu: nilikaza. Nilimwaga maji yote, nikasugua chupa, nikajaza maji mapya ya bomba, baridi, yenye kuamsha mwili. Nikampa chakula mara tatu ya kawaida, kwa kuwa mgonjwa anahitaji nguvu. Kufikia Jumatatu asubuhi, chakula kilikuwa kimevimba na kuchafua maji, na Mheshimiwa alikuwa amelala ubavu. Mara kwa mara alijikongoja hadi juu kuvuta pumzi, kama mzee anayepanda ngazi za hekalu, kisha akashuka tena bila kupiga pezi.

Zilibaki siku sita. Nilijiona tayari nikisalimiana na Bi Wanpen sokoni, asubuhi baada ya asubuhi, hadi kufa kwangu. "Habari, Mwalimu." "Nzuri, Bi Wanpen." Nikaketi. Mimi siketi asubuhi.

Mtu mmoja tu mtaani mwetu angeweza kuniokoa, naye ni Uthai. Uthai anafuga samaki wa kupigana, chupa elfu mbili zimepangwa uani kwake safu kwa safu. Lakini Uthai alisoma shule yetu, madarasa mawili nyuma yangu, na kwa desturi yetu aliyetangulia hutoa na aliyefuata hupokea. Kwa miaka arobaini na minne Uthai ameniamkia yeye kwanza, amenipisha mlangoni, na kila Mwaka Mpya amenimwagia maji mikononi kuniomba baraka. Tena niliwahi kumkimbiza kuzunguka uwanja mara saba kwa sababu ya viatu vichafu. Kumwomba kitu mtu wa namna hiyo! Hata hivyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliitia chupa ndani ya kapu, nikaifunika taulo, nikaenda.

"Kaka Mkuu!" Uthai aliniona kabla sijafika langoni. Ni mnene, na hucheka kwa mwili mzima. "Karibu, karibu! Viatu vyangu visafi leo, njoo ukague!" Alikuwa peku.

Njiani nilikuwa nimejiwa na uongo mdogo: kwamba yuko rafiki yangu mmoja ambaye ana samaki. Lakini sikulelewa hivyo. Nilisimama wima kati ya chupa zake elfu mbili, nikasema, "Uthai, nahitaji msaada wako."

Wavu ulimponyoka. "Hebu sema tena, Kaka Mkuu, sikusikia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka na hawa wasikie." Akaonyesha samaki wake.

Nikasema tena. Nilisema kwa sauti ya uwanjani, ili tusirudie mara ya tatu. Nikafunua taulo, na Uthai alipomwona Mheshimiwa, kicheko kilimkauka. Alichuchumaa, akaitazama chupa kwa muda mrefu.

"Huyu hakuugua tu," alisema. "Huyu amechoshwa. Ugonjwa umekuja kumkuta ameshachoka. Umemweka na nani?"

"Yuko peke yake."

"Hapana chupa nyingine karibu? Kioo cha kuchania nywele?"

"Uthai, mimi naishi peke yangu, nachana nywele kwa kukariri."

"Basi twende nikaone mahali anapokaa."

Tulifika kwangu. Alivua viatu ambavyo hakuvivaa, yaani alipangusa nyayo zake mlangoni kwa utaratibu wa kale, akaingia sebuleni. Alisimama mbele ya rafu. Akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa mahali chupa ilipokuwa. Kisha akageuza kichwa polepole upande wa kombe, na ndani ya kombe uso wa Uthai, mpana kama sinia, ukageuka kumtazama Uthai.

"Kaka Mkuu," alisema kwa sauti nyembamba, "hili ndilo lile?"

"Ndilo."

"Lile nililolisugua mimi muhula mzima kabatini mwa shule, kabla hujatunukiwa, huku ukinikaripia?"

"Ulikuwa ukiacha alama za vidole."

"Na bado unalisugua?"

"Kila asubuhi. Wiki hii, asubuhi na jioni."

Uthai alijaribu kujizuia. Niliona mabega yakitikisika. Aliketi sakafuni, akalala chali, akapiga zulia langu kwa kiganja, machozi yakimtiririka masikioni.

"Siku sita!" aliweza kusema hatimaye. "Samaki maskini amepigana siku sita na dume asiyechoka, asiyejeruhiwa, asiyekimbia, na anayezidi kung'aa kila asubuhi! Na kadi je? Bi Wanpen hakukupa kadi?"

"Ilikuwa chafu. Niliitupa."

"Akaitupa!" Uthai aliliambia dari. "Kaka Mkuu wa shule nzima! Akaitupa!"

Nilisimama nikingoja amalize. Na hapo, sijui ni kwa sababu gani, niliikumbuka ile saluti. Nikamweleza. Sikuwa na wajibu wa kumweleza, lakini nilimweleza, na alipoanza kulia upya nikahisi kitu kikinipanda kutoka tumboni, kikafika kooni, kikanitoka puani kwanza na kisha mdomoni. Nilicheka. Tulicheka wazee wawili mpaka jirani akagonga ukuta.

Baada ya hapo tulifanya kazi. Uthai alileta mtungi mdogo wa udongo, wenye kifuniko, na ndoo ya maji yaliyokwisha kukaa wazi siku mbili ili dawa ya bomba itoke. Alitia jani moja kubwa kavu la mti wa mkungu, na maji yakaanza kugeuka rangi ya chai hafifu. Akatia chumvi ya mawe, kidogo ya kushikika kwa vidole viwili. Kisha akamhamisha Mheshimiwa pamoja na maji yake ya zamani, kijiko kwa kijiko, ili mwili uzoee.

"Mtungi ni giza, haoni mtu," alisema. "Jani litamtuliza na kumponya vidonda. Weka mahali penye joto, pasipo upepo. Leo na kesho asile. Kila jioni utoe kikombe kimoja cha maji, urudishe kikombe kimoja cha haya yaliyokaa. Kimoja, si ndoo."

"Na mimi nifanye nini zaidi?"

"Hakuna."

"Lazima pawe na jambo."

"Kazi yako, Kaka Mkuu, ni kutofanya kitu. Utaiweza?"

Nimeshika nyadhifa nyingi, lakini sijapata kupewa kazi ngumu kama ile. Nililifunga kombe ndani ya shuka nikalitumbukiza katika pipa la mchele. Mtungi niliuweka jikoni, karibu na jiko, nikavua viatu ili nyayo zisipige kelele, na kwa siku mbili nilitembea nyumbani kwangu kama mwizi. Nilifunua kifuniko mara moja asubuhi na mara moja jioni, upana wa kidole. Jumanne: amelala chini, lakini wima. Jumatano asubuhi: amelala juu ya jani. Jumatano jioni nilipofunua, jicho moja lilinitazama, pezi la kifuani likapunga. Lilipunga! Nilifunika taratibu, nikatoka uani, nikaruka. Nina hakika niliruka, kwa sababu goti langu liliniambia.

Alhamisi, Uthai alisema mgonjwa anaweza kuanza kula, ila chakula kilicho hai: viluwiluwi vya mbu, vitatu tu. Hapa nilipata fedheha nyingine. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa ya kuangamiza mbu. Kwa miaka minane nimeingia ua kwa ua nikipindua vyungu na kumwaga maji yaliyotuama, na kazi hiyo niliifanya vizuri kiasi kwamba mtaa mzima haukuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Nilizunguka na kikombe tangu asubuhi. Hatimaye nilifika kwa Bibi Kamon, bibi wa miaka themanini ambaye mwezi uliopita nilimkemea mbele ya majirani kwa ajili ya gudulia la nyuma ya nyumba.

"Bibi, shikamoo. Lile gudulia bado liko?"

"Liko kavu!" alifoka. "Si ulilipindua mwenyewe? Umekuja kulipindua tena?"

"Nimekuja kuomba. Natafuta viluwiluwi."

Alinitazama kwa jicho la kunipima homa. "Vingapi?"

"Vitatu, Bibi."

"Mwenyekiti anataka viluwiluwi vitatu." Alitafuna tambuu yake kwa raha. "Kwanza useme gudulia langu lilikuwa zuri."

"Gudulia lako lilikuwa zuri, Bibi."

"Sasa nenda nyuma ya banda la kuku. Kuna jingine ambalo hukuliona."

Nikaondoka na vitano. Sikulipindua gudulia lile siku hiyo. Nilirudi kulipindua Jumatatu, na kwa adabu. Mheshimiwa alikitazama kiluwiluwi cha kwanza, akarudi nyuma kidogo, kisha akaruka kama jiwe la manati. Tap! Cha pili, tap! Nilipiga makofi peke yangu jikoni, mwiko ukaanguka, nami sikuuokota mpaka cha tatu kilipokwisha.

Jumamosi tulimrudisha kwenye chupa ya kioo, pamoja na jani lake na maji yake ya rangi ya chai. Ilihitajika kadi. Kadi pekee nzito nyumbani kwangu ilikuwa mwaliko wa karamu ya mwaka ya wahitimu wa shule yetu, karamu ambayo sijapata kuikosa. Ilikuwa ya jioni ile ile.

"Upande wenye dhahabu uelekee nje," alisema Uthai. "Unang'aa. Na wewe mwenyewe huji?"

"Niko kazini."

Uthai akaondoka na tai shingoni, akicheka njia nzima. Na mimi nilibaki, na kabla ya jua kuzama Mheshimiwa alianza kupuliza. Alikwenda juu, akachukua pumzi, akaachia kiputo kidogo chini ya ukingo wa jani. Akarudi, akaachia kingine, na kingine, mpaka vikaungana kuwa kitanda cha povu jeupe. Dume mgonjwa hajengi kiota. Dume mwenye hofu hajengi. Nilivuta kiti nikaketi, na nilimtazama fundi yule akijenga nyumba kwa pumzi zake, bila hoja tano na bila kutaja paa.

Jumapili asubuhi Uthai alipita kuniasa. "Samaki mzima, kiota hiki hapa, mkia unaota. Bi Wanpen akija, pokea jibu lako ushukuru. Kaka Mkuu, samaki hasemi."

"Mimi nasema," nilimjibu.

"Utalikosa jibu!"

"Nitalikosa nikiwa nimesimama."

Bi Wanpen alifika saa tano, begi begani. Nilimwomba aketi, nami nikasimama mbele yake, mikono ubavuni, nikatoa taarifa tangu kadi hadi kiluwiluwi. Sikuacha kitu. Nilitaja kusugua asubuhi na jioni. Nilitaja maji ya bomba. Nilipofika kwenye saluti, sauti yangu, ambayo imeamuru wanafunzi mia nane, ilipasuka kama ya mvulana. Aliondoa kadi, akaiinua chupa mwangani, akaizungusha.

"Ncha hizi za mkia ni mpya," alisema. "Hazina rangi bado. Ningeona tu, Mwalimu. Nimefuga miaka ishirini."

"Najua kwamba ungeona. Sikukwambia kwa sababu hiyo."

"Marehemu mume wangu aliniulia wawili. Wote alisema wamekufa kwa uzee. Mmoja alikuwa na miezi mitano." Aliiweka chupa chini. "Liko wapi hilo kombe?"

Nililifukua kutoka kwenye mchele. Alilipangusa kwa pindo la nguo yake, akajitazama ndani yake. Kombe lile hufanya pua kuwa kubwa kuliko uso. Alitunisha mashavu. Akatandaza viganja masikioni kama mapezi, akajisogelea, akarudi nyuma, akajisogelea tena kwa ukali mkubwa. Kisha akaangua kicheko kile chake ambacho watu wa soko hukisikia hadi stesheni, nami nikashika ukingo wa meza.

"Hili nalichukua," alisema alipopata pumzi. "Nahitaji chombo cha kuwekea vijiko pale kwenye vitumbua. Lakini lisisuguliwe tena, tumeelewana?"

"Tumeelewana. Na jibu?"

"Kesho saa kumi na moja alfajiri njoo unisaidie kubeba jiko. Mume wangu haruhusiwi kuchelewa."

Nilifika saa kumi na nusu.

Sasa yapata miezi mitatu. Kombe liko sokoni, limejaa vijiko, na moshi na tui la nazi vimelifanya jeusi kama sufuria. Mheshimiwa anakaa nyuma ya sanduku la unga, ndani ya kadi yake, dhahabu nje. Vidole vyangu vina malengelenge, na vitumbua vyangu, nakiri, havijawa mviringo. Asubuhi ya leo Uthai alikuja, akalipigia kombe saluti mbele ya wateja wote, akanyoosha mkono kuchukua vitumbua viwili bila kupanga foleni.

"Nyuma, Uthai," nilimwambia. "Nyuma ya Bibi Kamon."

Akaenda nyuma, akicheka kwa mwili mzima, na safari hii alikuwa amevaa viatu.